Neno "kienyeji" lilivyopanda bei: Sahani ya mlaji ndiyo huamua shamba la mkulima

Neno "kienyeji" limepanda bei. Nenda katika soko lolote la mjini uulize bei ya kuku. Kabla hujajibiwa, muuzaji atakuuliza: "Unataka wa gredi ama wa kienyeji?" Ukisema wa kienyeji, jiandae kutoa pesa zaidi. Mayai ni hivyo hivyo, na mboga hali kadhalika. Hoteli zenye vitambaa mezani sasa huandika "mboga za kienyeji" kwenye orodha ya vyakula kwa fahari, na mteja haoni ajabu kulipia sahani ya managu kuliko mwenzake aliyeagiza kabeji.

Lakini neno hilo hilo likitoka jikoni hubadilika sura. Fundi akijenga ukuta ukapinda, tunasema kazi imefanywa kienyeji. Mkutano usio na ajenda wala kumbukumbu umeendeshwa kienyeji. Mtu akitaka kudharau jambo lisilo na mpango, neno analolifikia kwanza ni hilo. Inakuwaje basi neno moja liwe sifa sahanini na dharau kwingineko?

Katika makala haya ninanuia kuonyesha kuwa mgongano huo si ajali ya lugha. Umebeba historia ya zaidi ya miaka mia moja ya chakula na kilimo nchini Kenya. Aidha, ninashikilia kwamba historia hiyo inatufunza jambo ambalo wapangaji wa sera hulisahau kila wanapozungumzia mbegu na mbolea, nalo ni kuwa shamba hufuata heshima. Mkulima hupanda kile ambacho mlaji anakiheshimu kiasi cha kukitaja kwa jina na kukilipia.

Mwenyeji na mgeni

Tuanze na umbo la neno. "Kienyeji" limetokana na "mwenyeji", neno ambalo aghalabu hufafanuliwa kuwa ni "mwenye mji". Kiambishi "ki-" hapa kinaonyesha namna au mtindo, jinsi kinavyofanya katika "kifalme", "kitoto" na "kizungu". Kwa hivyo, kufanya jambo kienyeji ni kulifanya kwa mtindo wa wenye mji. Hakuna tusi lolote ndani ya muundo huo. Tusi lilitoka nje ya neno, wakati mtindo wa wenye mji ulipowekwa kando ya mtindo wa kigeni na ukaamuliwa kuwa ndio duni.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walitarajia kuwa mgeni huja na heri. Katika mambo ya chakula, wageni wengi waliokuja kwetu wametulisha na tunawashukuru: mahindi, maharagwe, viazi, mihogo, kabeji, sukuma wiki. Swali langu si kama mgeni alistahili kukaribishwa, bali kilichompata mwenyeji baada ya mgeni kuketi.

Ulingo uliobaki mtupu

Kabla ya mahindi kutawala, nafaka za sehemu nyingi za bara zilikuwa mtama, wimbi na mawele. Ushahidi umo ndani ya lugha zetu. Wakikuyu huhesabu misimu miwili ya mvua. Ule wa masika huuita wa njahi, na ule wa vuli wa mwere, yaani mawele. Leo wapo wakulima wengi katika eneo la Mlima Kenya wanaoisubiri mvua ya mwere na hawajawahi kupanda hata punje moja ya mawele. Zao limeondoka, kalenda yake imebaki.

Kiswahili nacho kimehifadhi kumbukumbu zake. Tuna kitenzi "kuamia", chenye maana ya kulinda mazao shambani yasiliwe na ndege. Tuna pia nomino "ulingo", yaani jukwaa la miti lililojengwa shambani ili mlinzi akae juu na kuwaona ndege wanapotua. Nikiwauliza wanafunzi wangu maana ya ulingo, hunijibu haraka: ulingo wa ndondi, ulingo wa siasa. Ni nadra nimpate mmoja anayeujua ulingo wa mtama. Neno limehama shamba likaenda mjini, kama walivyohama watu.

Kuhama huko kuna sababu inayohusu maadili ya jamii moja kwa moja. Punje ya mtama hukaa wazi juu ya suke na ndege huila bila taabu. Hindi, kwa upande wake, limefunikwa maganda. Kazi ya kuamia ilikuwa hasa ya watoto. Jamii ilipoanza kuithamini shule, mtoto alishuka kutoka ulingoni akaenda darasani. Serikali ilipoondoa karo katika madarasa ya chini ya msingi mwaka wa 1974, na ilipoanzisha elimu ya msingi bila malipo mwaka wa 2003, walinzi wa mtama walizidi kupungua. Hakuna mzazi wa kulaumiwa hapo. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kupanda mahindi badala ya mtama haukufanywa shambani pekee. Ulifanywa pia kwenye foleni ya kumwandikisha mtoto shule.

Posho: neno lililokuja na kipimo

Mahindi asili yake ni bara la Amerika. Yalifika Pwani yetu baada ya Wareno kuingia mwaka wa 1498, na kufikia karne ya 17 yalikuwa yameshaanza kulimwa huku. Jina tulilolipa linayahusisha na Uhindi, kwa kuwa waliolitoa waliona tu kuwa zao hili limetoka ng'ambo. Kwa muda mrefu yalikuwa zao moja miongoni mengi, la kuchoma na kutafuna wakati nafaka kuu haijakomaa.

Kilichoyapa mahindi kiti cha enzi ni kazi ya mshahara. Neno la kutazama hapa ni "posho". Kwa asili, posho ni chakula anachopimiwa mtu kwa siku. Walowezi walipochukua mashamba makubwa, na reli na miji ilipohitaji vibarua, waajiri walitafuta chakula cha bei nafuu, kilicho rahisi kusafirisha na kupima. Unga wa mahindi ulifaa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapagazi wa kikosi cha wabeba mizigo, kile kilichotuachia jina la Kariakor jijini Nairobi, walilishwa unga huo, na wengi walikufa kwa maradhi ya tumbo yaliyochangiwa na chakula kisichoiva.

Hebu tuone neno lilivyosambaa. Nchini Uganda, posho ndilo jina la ugali wenyewe. Nchini Tanzania, posho ni marupurupu ya mbunge au mfanyakazi. Hapa Kenya, tumebaki na mashine ya posho, ile inayonguruma sokoni tunakopeleka mahindi yetu kusagwa. Nchi tatu, maana tatu, chimbuko moja: mtu aliyepimiwa chakula na mwingine. Kuanzia hapo, tabia ya kula iliyozaliwa kambini na katika mashamba ya walowezi ilirudi nyumbani na vibarua waliomaliza kandarasi. Walirudi na pesa kidogo, nguo mpya na ladha mpya. Aliyekula unga wa dukani alionekana ameona dunia.

Rangi nayo ilikuja na soko. Walowezi walipanda mbegu nyeupe za asili ya Marekani zilizopitia kusini mwa Afrika, na wanunuzi wa Uingereza waliotengeneza wanga walilipa vizuri mahindi meupe yasiyochanganyika na ya rangi nyingine. Hindi jekundu, la zambarau au la madoadoa likawa kasoro, kwa kuwa lilishusha gredi ya gunia zima. Kumbuka neno hilo, "gredi". Ndilo hilo hilo muuzaji wa kuku analolitumia leo. Kwa maneno mengine, mapenzi yetu kwa ugali mweupe, tunayodhani tumeyarithi kwa mababu, kwa kiasi kikubwa yalianzia kwenye viwanda vya Uingereza.

Dola ya kikoloni iliimarisha jambo hili kwa sheria. Mnamo 1942, katikati ya Vita vya Pili, ilianzisha udhibiti wa mahindi: serikali ndiyo inunue, ndiyo iuze, na mlowezi alipwe bei bora kuliko mkulima Mwafrika. Mvua ilipokosekana, njaa iliingia, na tume ya uchunguzi ikaundwa mwaka wa 1943. Udhibiti wenyewe haukuondoka na ukoloni. Serikali huru iliurithi, ikaupa majina mapya na kuendelea kuuona mfuko wa unga kama kipimo cha utulivu wa nchi.

Njaa zenye majina

Jamii hukumbuka njaa kwa majina, na majina hayo huathiri shamba kwa vizazi. Njaa ya 1943 Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Mianga, yaani njaa ya mihogo, kwa kuwa mihogo ndiyo iliyowaokoa. Ungetarajia mwokozi apewe heshima. Kinyume chake, zao likishakuwa jina la njaa, kulipika ukiwa na uwezo ni kama kutangaza kuwa umefilisika. Mihogo ya Pwani haikupata mkosi huo. Huko, mhogo wa nazi ni chakula cha kumkaribishia mgeni, na mhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu hauhitaji kuombewa wanunuzi. Zao ni lile lile. Tofauti iko katika hadithi inayolizunguka.

Mkasa wa namna hiyo uliyakumba mahindi ya manjano. Baada ya ukame wa 1984, shehena za mahindi hayo ziliingizwa kutoka Marekani. Watu walikula kwa shingo upande. Wengi walijua kuwa huko yanakotoka hulishwa mifugo, na walioyapokea kama msaada waliyahusisha na aibu ya kupanga foleni. Mpaka leo ukimwekea mtu mzima ugali wa manjano atakuuliza, "Kwani kuna njaa?" Ajabu ni kwamba ile rangi ya manjano inatokana na viini ambavyo mwili hutumia kutengeneza vitamini A, na hindi jeupe halina karibu chochote cha namna hiyo. Tulikataa lishe kwa sababu ilikuja imevaa nguo ya msaada.

Wakamba nao waliuita uhaba mmoja wa miaka hiyo ya 1980 "Nikw'a ngwete", maana yake ni "ninakufa huku nimeshika". Kilichoshikwa ni pesa. Noti ilikuwa mkononi lakini dukani hamna kitu. Jina hilo lina uchambuzi wa uchumi ndani yake. Linaeleza hali ya jamii iliyofika mahali pa kutegemea chakula cha kununuliwa, na chakula chenyewe ni cha aina moja.

Mbegu ya chotara na unga wa gredi

Uhuru ulipokuja, mahindi yalipata msukumo wa kisayansi. Kule Kitale, watafiti walioanza kazi katika miaka ya 1950 walichanganya mbegu ya hapa na nyingine iliyotoka Ecuador, na mwaka wa 1964 wakatoa chotara ya H611. Mavuno yaliongezeka na wakulima wadogo waliipokea haraka. Mafanikio haya ni halisi na yamelisha mamilioni. Lakini angalia lililofuata. Kwa ajili ya maeneo makavu, watafiti wa Katumani karibu na Machakos walitengeneza mahindi yanayokomaa upesi ili yaiwahi mvua fupi. Nguvu zilielekezwa zaidi kwenye kumpeleka mgeni nyikani kuliko kumwimarisha mwenyeji ambaye tayari aliijua nyika.

Mjini, heshima ilihamia kwenye weupe na ulaini. Unga wa mashine ya posho, wenye pumba na kiini chake, uliachiwa maskini na watu wa mashambani. Unga wa kiwandani uliokobolewa, wa gredi ya kwanza, ukawa alama ya maendeleo. Ilisaidia kwamba serikali ilitoa ruzuku iliyopitia viwanda vikubwa. Ruzuku hiyo ilipoondolewa mwishoni mwa 1993 na biashara ya mahindi kulegezwa, familia nyingi za kipato cha chini jijini Nairobi zilirudi kwenye mashine ya posho, kwa maana unga wake ulikuwa rahisi zaidi. Waliokuwa wakiambiwa kuwa watu wa mjini hawali unga wa pumba walionyesha kuwa wanaula, bei ikiruhusu. Hili ni fundisho muhimu: tunachokiita "ladha ya Wakenya" mara nyingi ni bei iliyokaa sana mpaka ikasahaulika kuwa ni bei.

Hata lugha ilijipanga upya. Ugali zamani lilikuwa jina la kupika, si jina la nafaka. Palikuwa na ugali wa mtama, wa wimbi, wa mhogo, wa mchanganyiko. Leo, kwetu, ukisema ugali bila kuongeza neno, umesema mahindi. Nafaka za mwenyeji ndizo zinazohitaji maelezo: "ugali wa wimbi", "ugali brauni". Anayehitaji maelezo nyumbani kwake mwenyewe amegeuka mgeni.

Gharama ya kutegemea mguu mmoja

Je, kuna ubaya gani taifa likipenda zao moja? Mwaka wa 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu katika nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Waliyokuwa wamekula ni mahindi, mengi yakiwa ya mashamba yao wenyewe. Ukungu huu hupenda sana mahindi na njugu karanga, hasa mimea ikiwa imeteswa na ukame. Hili ni eneo ambalo mvua yake haijawahi kuyapendelea mahindi. Familia hizo hazikuyapanda kwa ujinga. Ziliyapanda kwa kuwa ndicho chakula cha mtu anayejiheshimu, ndicho kilichofundishwa na ndicho chenye soko.

Mnamo 2011, ugonjwa hatari wa virusi ulionekana Bomet, ukakausha mahindi kabla hayajakomaa na kuenea katika maeneo mengine ya ukuzaji. Mwaka uo huo, waandamanaji waliingia barabarani kulalamikia bei ya unga. Mwaka wa 2017, serikali ililazimika kuuza pakiti ya kilo mbili kwa shilingi 90 kwa ruzuku, na mnamo Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, kwa shilingi 100. Zao moja likikohoa, hazina ya taifa inashikwa na homa.

Magugu yaliyorudi mezani

Sasa turejee kwenye mboga, maana hapa historia inageuka. Wataalamu wa kilimo wa enzi ya ukoloni na baada yake walizitazama managu, saga na terere kama magugu. Mkulima mzuri alizing'oa ili kabeji ipumue. Watoto walijifunza shuleni kuotesha kabeji na karoti, huku mboga ya nyanya ikichumwa mpakani mwa shamba bila kuandikwa popote. Sukuma wiki ilipata nafasi kwa sababu nyingine: bei yake. Jina lake lenyewe linakiri kuwa kazi yake ni kutufikisha mwisho wa juma.

Kilichozirudisha zile mboga hakikuwa amri ya serikali. Wanawake waliendelea kutunza mbegu zake kwenye vibuyu na vitambaa, mwaka hadi mwaka, bila duka lolote kuwauzia. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti walijiunga nao. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambaye utotoni alizuiwa na mzio kula vyakula vya nyama, maziwa na mayai, alizifanyia utafiti mboga hizi alizokulia. Makumbusho ya Kitaifa nayo yaliorodhesha mimea ya vyakula vya asili, na mwaka wa 1999 kukachapishwa kitabu kikubwa kuihusu. Madaktari walianza kuwashauri wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu kubadilisha vyakula. Supermaketi zikafungua rafu. Mwaka wa 2021, shirika la UNESCO liliiweka kazi ya Kenya ya kukuza vyakula vya asili katika sajili yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi.

Mlaji alipobadilika, shamba nalo lilibadilika. Mboga zilizokuwa zikichumwa kando ya njia sasa hupandwa kwa mistari, hunyunyiziwa maji na kupelekwa mjini usiku. Hata mmea wenyewe umegeuka. Managu inayotawala sokoni ni ile ya majani mapana isiyo chungu sana, kwa kuwa mnunuzi wa mjini anataka jani kubwa na hana usiku mzima wa kulilaza kwenye maziwa. Ile ndogo, chungu, ambayo wazee huisifu, imebaki vijijini. Msikilize mteja mbele ya kibanda: "Mama, hii ina matundu, nipatie ile safi." Jicho hilo linalokataa tundu ndilo humfanya mkulima ashike bomba la dawa. Mteja anataka mboga ya nyanya yake, lakini anaitaka iwe na sura ya kabeji ya dukani.

Kuku vilevile. Taasisi ya utafiti ya serikali imezalisha kuku walioitwa kienyeji walioboreshwa, wanaokua haraka na kutaga zaidi. Ni kazi nzuri na imewafaa wengi. Hata hivyo, tukubali kuwa neno limeanza kufanya kazi ya nembo. Kuku aliyezalishwa kituoni, akala chakula cha gunia na kulala bandani, anauzwa kwa heshima ya yule aliyechakura boma zima.

Zilizookolewa na heshima

Naam, lakini labda msomaji atanipinga: kinachoamua ni bei na sera, si heshima. Nimeeleza mwenyewe habari za ruzuku na udhibiti. Ni kweli, na sitaki kuificha nguvu ya serikali nyuma ya pazia la "utamaduni". Hata hivyo, tazama njahi. Katika enzi ya ukoloni, wakulima walihimizwa kulima maharagwe ya kuuzwa nje, na njahi ikasukumwa pembeni. Haikupata ruzuku, haikupata bodi. Mbona haikufa? Kwa sababu mwanamke aliyejifungua lazima apikiwe njahi, na sherehe ya ruracio isiyo na njahi ina kasoro. Leo, bei yake kwa kilo hupita ya maharagwe mengi. Wimbi nalo liliokolewa na uji wa mtoto na wa mama anayenyonyesha. Kule Kisii na Magharibi, ugali wake uliendelea kuandaliwa wageni wa heshima.

Mtama haukuwa na mlinzi kama huyo mjini. Ulipopata soko kubwa, soko hilo lilikuwa bia. Wakulima wa nyanda kavu za mashariki walipanda aina ya Gadam kwa ajili ya bia ya bei nafuu iitwayo Senator Keg, iliyoingia sokoni mwaka wa 2004. Mwaka wa 2013 serikali ilipoongeza kodi, mauzo ya bia hiyo yalishuka sana na wakulima wakabaki na magunia. Zao lenye mlaji mmoja tajiri humtegemea huyo mmoja. Njahi ina walaji katika kila nyumba yenye mtoto mchanga.

Kuziita kwa majina yake

Nimalizie kwa upande wa lugha, kwa kuwa ndio uwanja wetu hapa. Nikiwaomba wanafunzi wanitajie mboga tano za kienyeji kwa Kiswahili, wengi hunipa managu, saga, terere, apoth na murere. Wanazijua kwa Kikuyu, Kikisii, Kijaluo au Kiluhya, na ni vyema. Lakini Kiswahili kinazo pia: mnavu, mgagani, mchicha, mlenda. Kamusi zetu zimeyahifadhi maneno haya huku vitabu vya darasani vikirudia kabeji, karoti na nyanya. Kwa sababu hiyo, mimea isiyofanana kwa ladha, kwa mapishi wala kwa lishe imetupwa kwenye kapu moja linaloitwa "kienyeji". Kabeji ina jina lake. Hizi zina jina la ukoo tu.

Madhara yake ni ya sokoni. Kitu kisicho na jina hakiulizwi, na kisichoulizwa hakipandwi. Mteja anayesema "nipe kienyeji" atapewa kilichopo, na kilichopo kitazidi kuwa managu ya majani mapana. Anayesema "nataka mgagani, na kama una marejea nifungie" amemtumia mkulima ujumbe ambao afisa wa kilimo hawezi kuupeleka kwa semina kumi. Mpishi wa shule ya bweni akiandika "ugali wa mtama na kunde" kwenye ratiba ya Jumatano, bila kuwafanya wanafunzi wahisi kuwa ni adhabu, amefungua soko la magunia kadhaa kila muhula.

Kwa hivyo, ningependa walimu wa Kiswahili wayarejeshe majina haya katika ufahamu na insha, na waandishi wa vitabu vya gredi za chini wachore mnavu karibu na kabeji. Nasi wanunuzi, tulegeze jicho. Jani lenye tundu moja mara nyingi ni jani ambalo mdudu alilipima kabla yetu akaona halina sumu. Wakati ujao ukifika kwa mama mboga, usitosheke na "kienyeji". Mwulize ni ipi, na umwambie unayoitaka.